Vifurushi vya ukingo wa mto vinavyouzwa Mombasa: cha kununua na cha kukataa

Masika yakikaribia, vitalu vya miche kuanzia kandokando ya barabara ya Malindi mpaka Rabai na Kwale huanza kutangaza kifurushi kile kile: miche mia kadhaa, vibarua wa siku mbili, picha za kumwonyesha mfadhili, basi. Wanunuzi ni vikundi vya wakulima, misikiti na makanisa, shule, hoteli, na wenye mashamba wanaoona kijito kinakula ardhi yao kila mwaka. Kinachouzwa ni hesabu ya miti. Mnunuzi naye anataka ukingo usiobomoka na maji yasiyobeba tope, samadi na mbolea. Hivyo ni vitu viwili, na mvua ya Mei huvitenganisha haraka sana.

Tumekichambua kifurushi hicho kipande kwa kipande. Hatutaji kitalu hata kimoja kwa jina, kwa kuwa kitalu kilicho hodari wa mikindu mara nyingi hakijui lolote kuhusu ua wa mifugo, na wafanyakazi hubadilika kila msimu.

Kwanza ijulikane kazi hii ni ya wapi. Mto Kombeni unamwaga katika hori ya bahari ya Tudor, Mwache unamwaga Port Reitz. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi Mwache, ukafunika mizizi ya kupumulia ya mikoko, na eneo kubwa la mikoko likafa limesimama. Bwawa la Mwache, upande wa Kwale, limekusudiwa kuleta maji Mombasa, na udongo unaotoka mashambani utakwenda kukaa mahali pa maji hayo. Mji wenyewe umezoea kunywa kutoka mbali: Mzima, Baricho, Marere, Tiwi. Kwa hiyo ukingo wa mkulima wa Mazeras au Kinango ni sehemu ya mfereji wa mtu wa Majengo, mjini Mombasa, ingawa gharama anabeba mkulima peke yake.

Upana kwanza, maana wauzaji hupenda kuukwepa. Kanuni za ubora wa maji za 2006, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinakataza kulima ndani ya upana kamili wa mto kila upande, usiopungua mita 6 wala kuzidi mita 30, ikipimwa kutoka pale mafuriko makubwa yaliyorekodiwa yalipofika. Muuzaji anayepima kutoka maji yalipo mwezi wa Februari anakuuzia ukanda utakaokuwa ndani ya mto mwezi wa Mei. Wazee wa mahali wanajua maji yalipofika, na takataka zilizonasa kwenye matawi zinaonyesha. Kabla ya kuchimba au kuchonga ukingo, jumuiya ya watumiaji maji ya mto huo ihusishwe, na Mamlaka ya Rasilimali za Maji iulizwe kuhusu kibali. Kupanda nyasi na miti kwa mkono ni jambo jepesi, lakini kuleta tingatinga ni jambo jingine kabisa.

Hori la mifugo na ua

Kitu cha maana kuliko vyote hakimo katika vifurushi vingi: hori la kunyweshea mifugo nje ya ukingo. Ng'ombe akishuka mtoni hukanyaga ukingo ukamomonyoka, hula mche, kisha hunya katika maji wanayochota watu wa chini. Ukimzuia bila kumpa maji pengine, umemtia mchungaji katika shida, na ua utakatwa kabla Januari haijaisha. Wala hatumlaumu mkataji.

Hesabu yake ni rahisi. Ng'ombe wa kienyeji katika joto la Pwani anahitaji kama lita 30 hadi 40 kwa siku, mbuzi lita 4 hadi 5. Boma lenye ng'ombe sita na mbuzi kumi na watano linataka takriban lita 315, kwa hiyo tangi la lita 500 linatosha na kubakisha akiba kidogo. Maji yaletwe kwa mpira wa inchi moja kutoka juu ya mto kama mteremko unaruhusu, au kwa pampu ya kukanyaga. Hori liwekwe angalau mita 20 kutoka ukingoni, mahali tambarare, na kuzunguka pande zote pamwagwe mawe ya matumbawe au kokoto, unene wa sentimita 15, upana wa mita 2. Bila mawe hayo, wiki mbili tu pamekuwa dimbwi la matope na mbu. Boya la kufunga maji liwekewe kizuizi, kwa sababu ng'ombe huling'oa kwa pua. Maji yanayofurika yaelekezwe kwenye migomba au nepia, kamwe yasirudishwe mtoni. Kifurushi chenye hori lililowekwa hivi tungekilipia hata kama miche yake ni nusu ya ile ya jirani.

Ua wa seng'enge ndio unaouzwa zaidi, na hapa Mombasa ndio unaodumu kidogo. Hewa ya chumvi hula waya, mchwa hula nguzo za mvinje zisizotiwa dawa, na waya wenyewe una soko, hivyo huibiwa. Kwa mashamba mengi tunapendekeza ua hai: mnyaa au mkonge. Vipande vya mnyaa vikatwe, viachwe kivulini siku chache mpaka kidonda kikauke, ndipo vichomekwe kila sentimita 30. Ukivichomeka vibichi katika udongo uliolowa, vinaoza. Kibarua avae miwani, maana utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali moja kwa moja. Ua huu huchukua mwaka na zaidi kuziba. Katika muda huo matawi ya miiba yalazwe upande wa nje, na kazi ya kuyabadilisha iandikwe ni ya nani, la sivyo haitakuwa ya mtu.

Vetiva

Hapa ndipo pesa hufanya kazi, na ndipo udanganyifu ulipo. Safu moja ya vetiva, nyasi ndefu ya kuzuia mmomonyoko, ikiwa imeziba, juu ya ukanda, pale maji ya shamba yanapoingia, hupunguza mwendo wa maji na kuyafanya yaache udongo kabla ya kufika mtoni. Mizizi yake hushuka chini moja kwa moja na kupita mita 2 baada ya misimu michache. Aina inayopandwa kwa kazi hii haizai mbegu zinazoota, kwa hiyo haivamii shamba la mtu.

Umbali kati ya mche na mche ni sentimita 10 hadi 15. Mita 100 za ukingo zinataka basi miche 670 hadi 1,000, na ongeza asilimia 15 ya kuzibia mapengo. Bei ikitajwa kwa mita bila kutaja umbali, uliza umbali. Wanaopanda kila sentimita 30 wanakuuzia mapengo, na pengo moja ni baya kuliko kukosa safu, kwa kuwa maji yote yaliyozuiwa hukimbilia hapo na kuchimba korongo.

Mche mzuri una vitawi viwili au vitatu vilivyoshikana, majani yamekatwa kubaki sentimita 20, mizizi sentimita 10, na umefungwa ndani ya gunia lililoloweshwa. Mzigo uliopigwa na jua nyuma ya pikapu kutoka Kaloleni mpaka jioni umekufa, hata kama majani bado yana ukijani. Ng'oa kitawi kimoja uangalie shina: likiwa jeupe na gumu ni zima, likiwa la kahawia na linabonyea kwa kidole, rudisha. Angalia pia usiuziwe mchaichai, kwani vikiwa vimekatwa vinafanana sana. Sugua jani. Mchaichai hunukia chai papo hapo, jani la vetiva halinukii, harufu yake iko mizizini.

Kosa kubwa la wapandaji ni kufuata umbo la mto badala ya usawa wa ardhi. Safu ikipanda na kushuka, inageuka mfereji wa kuyapeleka maji mahali pamoja. Leveli ya maji ya mafundi, yaani mpira mwangavu uliojazwa maji, inatosha: kigingi kila mita 4, usawa ule ule, halafu kamba. Mapovu ya hewa yaondolewe kwenye mpira kabla ya kupima, la sivyo vipimo vyote vinapotoka. Timu inayokuja bila leveli wala fremu ya A (miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la A ya kupimia usawa), ikisema jicho linatosha, irudishwe nyumbani.

Baada ya wiki nne hadi sita mapengo yazibwe. Majani yakifika kiunoni yakatwe yabaki sentimita 40 ili vitawi viongezeke, na yaliyokatwa yawe matandazo. Vetiva haivumilii kivuli. Safu iliyopita chini ya mwembe mkubwa itakufa kipande hicho hicho, kwa hiyo hapo piga safu juu zaidi, nje ya kivuli.

Miche ya miti

Ukanda wa mita 100 kwa mita 10, miti ikipandwa mita 3 kwa mita 3, unachukua miti kama 110. Muuzaji anayekuletea miche 1,000 kwa eneo hilo anauza tarakimu ya kuandika kwenye ripoti. Ikishika yote, kivuli kitaua nyasi, ardhi chini itabaki uchi, na udongo utaondoka kati ya mashina.

Karibu na maji kabisa panafaa mtomondo na mkindu, pamoja na matete na mafunjo kama tayari yapo. Matete yaliyojiotea ni bora kuliko mche wa kununua, na vibarua wengi huyafyeka kwanza ili "kusafisha". Wazuieni. Katikati panda mkuyu na mnwamaji. Mkuyu hauna haja ya kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche: kigingi cha mita moja na nusu, unene wa mkono, kikichomekwa theluthi yake ardhini mvua zikiwa zimeshika, hutoa mizizi. Ni rahisi mno, na labda ndiyo sababu haumo katika orodha za bei. Sehemu ya juu ni ya mkwaju, mwembe na mzambarau, ambayo mkulima atavuna. Mvule uchanganywe mmoja mmoja, kwa kuwa miche michanga ikiwa mingi mahali pamoja hushambuliwa na mdudu Phytolyma na vichipukizi vyake kuvimba na kufa.

Mvinje unahitaji maelezo. Unauzika, wakulima wanaupenda kwa boriti, na kila kitalu kinao. Ila sindano zake hufunika ardhi mpaka hakuna kinachoota chini, kwa hiyo ndani ya ukanda haufanyi kazi tunayoitaka. Upandwe nje, juu ya vetiva, uwe akiba ya mwenye shamba. Udongo kidogo kutoka chini ya mvinje mzee uchanganywe kitaluni, maana una vijidudu vya Frankia vinavyousaidia mzizi kupata naitrojeni. Kitalu kisichofanya hivyo huuza mivinje ya manjano inayodumaa. Mkaratusi kando ya mto, hapana. Mianzi hushika ukingo vizuri mpaka mto uchimbe chini yake, ndipo kichaka kizima huanguka na kuyaelekeza maji ukingo wa pili, kwa jirani. Na mikoko ni ya pale bamvua linapofika. Juu ya hapo ni mapambo ya picha.

Kukagua miche ni dakika tano. Chagua mmoja wewe mwenyewe, usipewe, upasue kiriba chake. Mizizi ikiwa imejizungusha chini kama kamba, kundi zima limekaa sana na litayumba miaka yote. Urefu wa sentimita 30 hadi 50 na shina gumu ni bora kuliko mche wa mita moja uliorefuka kivulini, ambao upepo wa kusi utauvunja. Uliza maji yalipunguzwa lini. Miche iliyomwagiliwa mara mbili kwa siku mpaka asubuhi ya kusafirishwa haijui jua. Wanaotaka mbegu za kuotesha wenyewe wanaweza kuanzia kituo cha taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, kilichoko Gede.

Shimo la sentimita 45 linafaa juu, penye tambarare. Kwenye mteremko wa ukingo lisizidi sentimita 30, na lichimbwe siku ile ile ya kupanda, kwani mashimo wazi yakikutwa na mvua ndiyo huanzisha mporomoko. Mbolea ya dukani isiingie kabisa ndani ya ukanda. Viriba vyote virudishwe na kuhesabiwa: miche 110, viriba 110. Vikipungua, ama vimetupwa mtoni, ama mti umepandwa na plastiki yake.

Ratiba ya vifurushi vingi ni siku moja mwezi wa Aprili, ikifuata upatikanaji wa mgeni rasmi. Kwa sehemu ya juu, hiyo ni sawa, mradi udongo umelowa kina cha sentimita 30. Sehemu ya chini isubiri mafuriko makubwa ya Mei yapite, vinginevyo unapandia bahari. Mapengo hujazwa vuli. Kati ya Januari na Machi, lita 5 kwa mche kila wiki, usiku ukiingia, hutenganisha mti na kijiti.

Usumba dhidi ya magunia

Ukingo uliosimama wima hauponywi na mti. Uchongwe kwanza upate mlalo wa mbili kwa moja, yaani mita 2 za kulala kwa kila mita 1 ya kupanda, wakati wa kiangazi, halafu ufunikwe mpaka nyasi zishike. Wauzaji wengi huleta magunia ya plastiki yaliyojazwa mchanga. Jua letu huyachanachana upesi, mchanga unarudi mtoni na nyuzi za plastiki zinaelekea mikokoni. Mkeka wa usumba hugharimu zaidi dukani, lakini vikundi vinaweza kuusuka: makumbi yamejaa kila penye minazi, na nyuzi zake hustahimili maji misimu kadhaa kisha huoza zenyewe. Ukingo wa juu wa mkeka ufukiwe kwenye mtaro wa sentimita 30, na vigingi vipigwe kila mita moja. Usipofukiwa, maji hupita chini yake na mkeka hubaki unaelea juu ya korongo.

Vipimo vya maji

Baadhi ya vifurushi vya bei ya juu huja na sanduku la vipimo. Bomba angavu la sentimita 120 lenye kisahani cheusi na cheupe chini lina thamani: unajaza maji, unatazama kutoka juu, unayapunguza mpaka kisahani kionekane, unasoma sentimita. Pima juu ya shamba na chini ya shamba saa ile ile, na urudie baada ya mvua. Kipimo kimoja peke yake hakisemi kitu. Vichupa vya H2S, vinavyogeuka vyeusi ndani ya siku moja au mbili maji yakiwa na dalili ya kinyesi, ni rahisi na vinaeleweka na kila mtu. Karatasi za kupimia naitreti ziachwe kwa mashamba yanayotumia mbolea nyingi. Kanuni za 2006 zinataka chanzo cha maji ya nyumbani kisizidi miligramu 30 za tope kwa lita wala miligramu 10 za naitreti, na E. coli, bakteria wa kinyesi, isiwepo kabisa. Bomba la kutazamia halitoi miligramu, kwa hiyo anayedai kukupa cheti cha kanuni kwa bomba hilo anakupotosha. Hiyo ni kazi ya maabara.

Makubaliano na mkulima

Ukingo wenye unyevu ndio shamba la thamani kuliko yote mwezi wa Februari. Hapo ndipo panapotoka mchicha, bamia na biringani za kuuza soko la Kongowea wakati kwingine kumekauka. Kifurushi kinachouchukua ukanda huo na kuacha miche mitupu kimemnyang'anya mtu kipato, na mtu huyo mara nyingi ni mama ambaye hakuitwa mkutanoni. Makubaliano yafanywe na watu wote wa boma: mwenye ardhi, anayelima ukingoni na kijana anayechunga. Karatasi moja ya Kiswahili iseme nyasi zitakatwa na nani, ukindu ni wa nani, maembe ni ya nani, na bustani ya mboga inahamia wapi na maji yake yanatoka wapi. Kule juu ya mto Tana, mfuko wa maji wa Nairobi ulioanzishwa 2015 umejengwa juu ya wazo kwamba wanaotumia maji mjini wachangie kazi ya wakulima wa juu. Mnunuzi wa Mombasa mwenye uwezo, hoteli hasa, angeanza kwa kulipia mpira na tangi la bustani hiyo iliyohamishwa.

Malipo yagawanywe. Tungelipa asilimia 40 siku ya kupanda, 30 baada ya kujaza mapengo ya vuli, na 30 mwisho wa Machi, kabla ya masika mengine. Siku hiyo ya mwisho muuzaji, mkulima na mtu wa jumuiya ya maji watembee safu pamoja. Mti uhesabiwe ukiwa na jani bichi au shina bichi ukikwaruzwa kwa ukucha. Vetiva ipimwe kwa mapengo: kila lililozidi sentimita 30 liandikwe, na muuzaji alizibe kwa gharama yake kabla ya kupokea hela.